Nyumba Aliyousiwa Mdogo Wangu

Nilimsikia mama akiita. Ilikuwa mchana, jua kali, watu wa Mikindani wamejilaza baada ya kula, na mama alikuwa kaburini tangu mvua za mwanzo wa mwaka. Nimelikana jambo hili mara nyingi hadi kulikana kumekuwa kama kazi yangu ya pili. Nimelikana kwa kaka yangu. Nimelikana kwa daktari mmoja wa Dar es Salaam, niliyemwendea kumuuliza, kwa kuzungukazunguka, kama dawa za presha zinaweza kumfanya mtu asikie vitu. Nimelikana mbele ya hakimu, nikiwa nimeapa. Mimi ni mtu wa chuo kikuu. Ninaandika makala ambazo watu huniambia zimewafikirisha sana, maana yake hawakuzimaliza. Mtu wa namna yangu husikia upepo. Husikia bati likitanuka kwa joto. Hasikii mama.

Nilimsikia mama.

Sasa nieleze ilivyokuwa, kwa sababu jambo lenyewe halikuwa la mizimu. Lilikuwa la nyumba.

Nyumba yetu ni ya mawe, ya zamani, yenye kuta nene kiasi kwamba mtoto anaweza kukaa kitako dirishani na miguu yake isitokeze nje. Baba aliinunua kwa familia moja ya Kihindi iliyohamia Mtwara mjini, na harufu ya bizari ilibaki katika mbao za ghala mpaka nikaenda sekondari. Tulikuwa watoto watatu: kaka, mimi, na mdogo wetu wa kike. Mama alikuwa na tabia ya kuita kabla hajaamua anamwita nani. Alianza na jina la kaka, akaja kwangu, akamalizia na la mdogo wetu, sauti ikipanda kila jina kama mtu anayepanda ngazi. Sheria ya nyumba haikuwahi kutamkwa, lakini wote tuliijua: anayeitika ndiye anayetumwa. Kaka akisikia jina lake alinyamaza, kwa kuwa alijua yapo mengine nyuma yake. Mimi nikisikia langu nilikuwa ninasoma. Nilisoma sana utotoni. Watu wa kwetu husema nilizaliwa na kipaji. Kusema kweli, kitabu kilikuwa mahali pazuri pa kutosikia. Mdogo wetu hakuwa na jina nyuma yake. Aliitika "Abee", akaenda.

Miaka iliyofuata inaelezeka kwa sheria hiyo tu, bila kuongeza neno. Baba alipopooza upande mmoja, mdogo wetu alikuwa anafundisha chekechea mjini. Akaomba ruhusa ya wiki moja. Hakurudi tena darasani. Baba alikaa kitandani miaka, akafariki, na matanga yalikuwa hayajapoa mama alipoteleza uani, akavunjika nyonga, akaingia kitanda kilekile. Kaka alikuwa Masasi na duka lake la vifaa vya ujenzi. Alileta bati, akaezeka upya, na hakuacha kutukumbusha. Mimi nilikuwa Dar. Nilituma hela kwa simu, kama tunavyofanya sisi wa Dar, na nilituma ushauri, huo kwa wingi zaidi. Siku moja nilimpigia mdogo wangu nikamsomea, kutoka ukurasa niliokuwa nimeupata, namna ya kuzuia vidonda vya mgongo kwa mgonjwa asiyejigeuza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Asante, dada," akasema. "Ngoja sasa nikamgeuze."

Alimgeuza mama mpaka mama hakuhitaji tena kugeuzwa. Wiki chache kabla ya kufa, mama aliwaita shehe wa msikiti wetu na majirani, akatamka wasia mbele yao. Nyumba iwe ya huyu, akasema, na akamshika mkono, kwa kuwa jina kwa wakati ule lilikuwa linamponyoka.

Siku ya arobaini, khitma imesomwa na pilau imeliwa, shehe alikohoa kidogo kama mtu anayetaka kuvuka barabara.

"Marehemu aliusia," akasema. "Nyumba hii awe nayo binti aliyemuuguza. Mimi nilikuwepo, na hawa majirani walikuwepo."

Kaka aliweka kikombe chake chini. "Shehe, samahani. Mrithi anausiwa?"

"Hapana. Haiswihi kumuusia mtu ambaye tayari ana fungu lake." Shehe alitazama mkeka. "Ila warithi wenzake wakiridhia."

"Basi mimi siridhii." Akanigeukia. "Na wewe, Profesa?"

Mimi si profesa. Kaka ananiita hivyo tangu nilipofeli kuwa mmoja. Watu wote wa barazani walinigeukia, na mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na beseni la vyombo, akisubiri nijibu ili apite.

"Tutalijadili," nikasema.

Alipita na vyombo vyake.

Nisimfanye kaka jini. Ana watoto wanne, wawili wako vyuoni. Tangu gesi ianze kutoka Msimbati na mtambo wa Madimba kuanza kazi, kila mwenye ukuta Mikindani amekuwa akiota mpangaji anayelipa kwa mkupuo. Tena alikuwa na dini upande wake, na mtu akiwa na dini na bati upande wake ni vigumu kumshinda. Ukoo ulikaa, ukampendekeza mdogo wetu awe msimamizi wa mirathi. Kaka akaweka pingamizi mahakama ya mwanzo: anapinga usimamizi, anapinga na wasia. Aliniomba nimwandikie. Nikamwandikia. Ninaamini halikuwahi kufika katika mahakama ile pingamizi lenye Kiswahili kizuri kama kile. Niliweka hata nukta-mkato. Nilijiambia kwamba ninamsaidia kaka kupanga mawazo tu, kwamba mimi siko upande wowote, na jina langu likakaa chini ya la kwake pembeni kidogo, kama mtu aliyeingia kwenye picha kwa bahati mbaya.

Ndipo kaka aliponituma nikaipime nyumba.

"Nenda wewe," alisema kwenye simu. "Mimi nikienda tutagombana. Wewe anakuheshimu. Piga picha, pima vyumba, mthamini anataka vipimo."

Ulikuwa msimu wa korosho. Nilishuka kwenye bajaji mbele ya nyumba nikiwa na mkoba mmoja, na mdogo wangu akatoka kunipokea akinuka mabibo, kwa maana asubuhi alikuwa shambani kwetu Madimba, akiokota.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekonda."

"Umekuja kupima?"

"Nimekuja kukusalimia."

"Haya." Akaupokea mkoba wangu, akautazama. "Hii tepu inayotokeza ni ya kunipima mimi?"

Tulicheka, kwa sababu hapakuwa na jambo jingine la kufanya. Alinipikia ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu, na samaki wa kukaanga. Kesho yake nilipoanza kupima sebule, tepu ikawa inaniponyoka upande wa pili, na nilikuwa nahangaika kuibana kwa kiatu, alipokuja bila kuitwa na kushika ile ncha. Tulipima hivyo nyumba nzima, mimi na kalamu, yeye na ncha, kutoka chumba hadi chumba. "Nyoosha, dada," alikuwa akisema. "Ukuta huu umebonyea, utaandika pungufu." Nimehudhuria makongamano mengi kuhusu kazi ya wanawake isiyolipwa. Nimewahi hata kuyaendesha. Katika yote hayo hakuna aliyeniambia kwamba ningekuja kupima nyumba ya mtu ili nimwondoe, na yeye anishikie tepu.

Chumba cha mama hatukukipima. Mlango ulikuwa wazi. Kitanda kilikuwa palepale, godoro limevikwa mpira, shuka limetandikwa juu yake na kukazwa pembeni.

"Sijapata nafasi ya kukitoa," alisema.

"Hakuna haraka," nikasema, mimi niliyekuja na tarehe ya mthamini mfukoni.

Sasa huo mchana. Nilikuwa nimejilaza katika chumba cha kando, kilichokuwa cha kwetu wasichana, na kitabu kifuani. Mdogo wangu alikuwa amelala mkekani sebuleni. Nilimwona kupitia mlango, mkono mmoja chini ya shavu, mdomo wazi kidogo. Barabarani hakukuwa na mtu. Ile saa ya kwetu ambayo hata kunguru huona uvivu. Nilikuwa macho. Nataka kulisema hilo wazi kwa kuwa kila niliyewahi kumsimulia habari hii nusunusu ameniuliza kama sikuwa nasinzia. Nilikuwa macho, na nilikuwa nimefika ukurasa unaochosha, na nilikuwa nausoma kwa mara ya pili.

Sauti ilitoka chumbani kwa mama. Haikuwa ya kutisha. Laiti ingekuwa ya kutisha ningepiga kelele na mambo yangekwisha hapo. Ilikuwa sauti ya mtu anayetaka kitu kidogo, maji, au shuka lishushwe, na hataki kusumbua. Ikaita jina la kaka. Ikakaa. Ikaita jina langu.

Nilishika kitabu kwa mikono miwili. Mwili wangu, mwili wa mwanamke wa miaka zaidi ya hamsini mwenye presha na shahada, ulifanya kile ulichofundishwa utotoni. Ulinyamaza. Uligeuza ukurasa. Niliusikia ukurasa ukigeuka, na nikajua kwamba aliyeita naye ameusikia.

Ikaita jina la mdogo wangu.

"Abee," akasema mdogo wangu, macho yamefumba. Akainuka. Akapita mlangoni kwangu kwa miguu mitupu, akaingia chumbani kwa mama, na kutoka pale nilipokuwa nilimwona akiinama juu ya kitanda, akaingiza mkono mmoja mahali pa mabega na mwingine mahali pa nyonga, akavuta pumzi, akageuza. Alifanya kwa uzito. Mtu anayeigiza husahau uzito; yeye mgongo wake ulipinda kama unavyopinda wa mtu aliyebeba. Kisha akanyoosha shuka, akarudi mkekani, akalala.

Alasiri, baada ya kuswali, alinikuta uani naosha uso.

"Dada," akasema. "Mchana huu umesikia kitu?"

"Kitu gani?"

"Kitu chochote."

Alikuwa amesimama karibu sana, na kanga ya kuswalia bado iko kichwani. Nadhani sijawahi kutazamwa vile na mtu anayenihitaji. Hata wanangu walipokuwa wachanga walinitazama kama chakula, si kama shahidi.

"Nilikuwa nasoma," nikasema.

"Haya," akasema. Akaenda kuwasha moto.

Nilipofika Dar nilimsimulia kaka nusu ya habari, ile nusu iliyomhusu mdogo wangu tu. Nilimwambia kwamba mdogo wetu huamka mchana na kugeuza kitanda kitupu. Nilisema kwa huruma. Nilitumia maneno kama "uchovu" na "msaada wa kitaalamu".

"Anamsikia mama?" akauliza kaka.

"Anadhani anamsikia."

"Masikini," akasema kaka, na alimaanisha. Alisafiri mwenyewe, akampeleka hospitali, akakaa naye kwenye foleni kutwa nzima, akanunua dawa alizoandikiwa. Kisha akaenda kuyasema hayo hayo mahakamani, na hapo pia alimaanisha. Kaka yangu ni mtu anayeweza kukufunika blanketi na kukuondoa kitandani kwa mkono uleule.

Siku ya shauri chumba cha mahakama kilikuwa kimejaa watu waliokuja kwa kesi za ng'ombe na za talaka. Hakimu alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, mwenye sauti ya chini. Wazee wa baraza walikaa ubavuni mwake, mmoja na kofia ya kiua iliyofifia. Kaka alieleza kwamba hana kinyongo na ndugu yake, anamshukuru kwa kuwatunza wazazi, ila mtu anayeitikia sauti za marehemu hawezi kukabidhiwa mirathi, na huenda wasia wenyewe ulitamkwa katika hali hiyohiyo, mama hajijui na mwuguzi wake hajijui.

Hakimu akamgeukia mdogo wangu. "Ni kweli unamsikia marehemu?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Watu wa ng'ombe wakacheka. Mzee mwenye kofia aliinua mkono, wakaacha.

"Anasema nini, mwanangu?" akauliza mzee.

"Hasemi kitu. Anaita tu."

"Anakuita wewe?"

"Anatuita wote watatu."

"Na anayekwenda ni nani?"

"Mimi."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa swali la nyumbani kwake mwenyewe. Kisha hakimu akaliita jina langu. Nikasimama, nikashika msahafu, nikaapa. Alisema kwanza kwamba pingamizi lilikuwa limeandikwa vizuri. Nilifurahi. Nataka msomaji ajue kwamba pale, katika saa ile, nilifurahi.

"Ulilala katika nyumba hiyo," akasema. "Na mchana ulikuwepo. Ulisikia chochote?"

Mdogo wangu hakunigeukia. Alikuwa anatazama mikono yake. Shingo yake ndiyo iliyokuwa inasikiliza, niliona mshipa.

Nilifikiri, na najua nilichofikiri kwa sababu huwa najisikiliza sana. Nilifikiri kuhusu watu wa ng'ombe. Nilifikiri kwamba hakimu amesifu uandishi wangu. Nilifikiri kwamba nikisema ndiyo, hoja ya wazimu itaanguka na usimamizi utabaki kwake, na kaka ataniita mwehu wa pili mpaka siku ya kufa. Ni mambo madogo. Nimeyapima kwa tepu mara nyingi tangu siku ile, na hayajapata kuwa makubwa.

"Hapana, mheshimiwa," nikasema. Sauti ilitoka vizuri. Nimezoea kuhutubia.

Shauri likaahirishwa. Nje, barazani, mdogo wangu alinipa mfuko wa plastiki. Ndani ilikuwamo kanga niliyoisahau Mikindani, imefuliwa na kupigwa pasi.

"Ulikuwa na haraka siku ile," akasema. "Safari njema, dada."

Ningependa kuandika kwamba mama alinifuata Dar. Ingekuwa heshima. Hakunifuata. Kilichonifuata ni ile nafasi kati ya jina langu na jina la mdogo wangu, ule muda mfupi aliokaa akinisubiri. Ulianza kunijia mchana, ofisini, baada ya chakula. Katikati ya kikao mtu alikuwa akisema jambo kuhusu bajeti, na mimi nikajikuta nimeacha kupumua ili nisikie vizuri. Nyumbani nilizima feni. Nilizima friji. Binti yangu alinikuta siku moja nimekaa sebuleni kwenye joto, kila kitu kimezimwa, na akauliza kama umeme umekatika. Nikamwambia umekatika. Akawasha taa, ikawaka. Akanitazama, akaizima tena, akaenda chumbani kwake.

Nilikuwa nasikiliza kama naitwa. Siitwi. Jina langu lilipita siku ile, na mama hakuwa mtu wa kurudia.

Nikaanza kuandika barua kwa mahakama. Mwanzoni ilikuwa na sentensi mbili: kwamba ninaridhia wasia wa mama, na fungu langu katika nyumba namwachia mdogo wangu. Fungu langu lisingetosha kuiokoa nyumba yote, kwa maana la kaka ni mara mbili ya langu, lakini lingekuwa kitu, na huenda lingemtikisa kaka. Ingetumwa siku hiyohiyo kama ningekuwa fundi cherehani. Lakini mimi nikaona sentensi mbili ni kavu. Nikaongeza aya kuhusu thamani ya uuguzi katika familia za pwani ya kusini. Nikaongeza aya kuhusu dhana ya ridhaa. Kisha nikafika mahali pa kueleza kwa nini nimebadili msimamo, na hapo barua ikakaa. Kila nilipoifungua nilirekebisha aya ya kwanza. Aya ya kwanza sasa ni nzuri sana.

Msimu wa kupuliza mikorosho ulikuwa umeanza alipopiga simu. Ilikuwa mchana. Niliona jina lake kwenye kioo na nikapokea kabla haijaita mara ya pili, jambo ambalo si kawaida yangu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Uko wapi? Nasikia mashine."

"Niko Madimba, shambani. Tunapuliza dawa. Ngoja nisogee." Mngurumo ukapungua. "Unanisikia?"

"Nakusikia. Nyumbani yuko nani?"

"Hakuna mtu." Alisema kama anayezungumzia hali ya hewa. "Dada, jana nilikwenda kwa hakimu. Nimemwambia ule wasia nauacha. Mirathi igawanywe kama dini inavyosema. Mimi nimeomba fungu langu nipewe huku, kwenye mikorosho. Kaka amekubali."

"Subiri. Subiri kwanza. Mimi ninaandika barua. Ninaridhia. Nakuachia fungu langu la nyumba."

"Unaandika tangu lini?"

Niliifungua barua, nikaiona aya ya kwanza.

"Haya," akasema. Hakuwa na hasira. "Nikuulize kitu. Si cha mahakama, huko kumekwisha."

"Niulize."

"Siku ile ulisikia?"

Mashine ilizimwa huko kwake. Ghafla kukawa kimya pande zote mbili, na nilikuwa nimekaa na feni imezimwa kama kawaida yangu ya siku hizi.

"Nilisikia."

"Alianza na nani?"

"Na kaka. Halafu mimi. Halafu wewe."

"Halafu mimi," akarudia. Nilisikia pumzi yake ikitoka, ndefu, kama ya mtu aliyetua ndoo. Kisha akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Unajua zile dawa alizoninunulia kaka nimezimeza zote? Zinalewesha. Nilikuwa naamka nimelewa, nashika ukuta, nakwenda hivyohivyo kumgeuza. Nikasema, basi, ni kichwa changu, si ndugu yangu wa chuo kikuu alikuwepo na hakusikia."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Ah." Mtu fulani alimwita kutoka mbali, akamjibu kwamba anakuja. "Ile barua usiitume. Nyumba siitaki. Nilikuwa naing'ang'ania ili nionekane sina wazimu. Nikikaa mle nitaitika mpaka na mimi niingie kwenye kile kitanda, na nikiita mimi, ataniitikia nani? Nimejengewa kibanda huku, cha bati. Nalala mchana mpaka alasiri."

"Na nyumba?"

"Si mliitaka?"

Nilitafuta neno. Nina maneno mengi, nimeishi kwa hayo, na nilitafuta.

"Tuliitaka," nikasema.

"Basi njooni mkae. Ufunguo uko kwa mama wa dukani, pale mkabala. Dirisha la chumba cha mama yetu komeo limekufa, litieni kamba kabla ya mvua. Kuku ni wangu, nimewachukua."